Kabla ya Pigo la Pili

Mtu mwoga kuliko wote niliowahi kuwafahamu alikuwa na mkanda mweusi wa judo, na kila mwaka tulimwalika Bukavu aje atufundishe, kwa wikendi moja, namna ya kutoogopa. Nikimweleza mtu jambo hili anacheka. Nami hucheka naye kwanza, halafu namwambia avute kiti.

Jina lake sitalitaja, na hata tulipokuwa naye hakuna aliyelitumia. Tulimwita Metre, kama wanavyoitwa walimu wote wa judo na karate huku kwetu. Aliishi Kamituga. Mchana aliuza vipuri vya pikipiki, jioni aliwafundisha wachimba dhahabu kuangushana bila kuvunjana. Alizaliwa wapi, ana ndugu wangapi, mke wake ni nani, sijui, na kila alipoulizwa alijibu kwa kuomba chumvi.

Alikuwa anafika Ijumaa alasiri, tope hadi magotini, uso umepauka, mikono bado imekunjika kama imemshika mtu. Hakuwa anasalimu. Aliuliza, "Nimefika? Njo hapa?" Tukimhakikishia kwamba ndiyo, hapa ndipo, alishuka kwenye pikipiki mguu mmoja mmoja, akagusa ardhi kwa kiganja, ndipo akaanza kutushika mikono. Motari aliyemleta mwaka mmoja alituvuta kando na kulalamika.

"Ule muzee yenu ananikamataka sawa mutoto," alisema. "Tukifika ku kilima anafunga macho, anaanza kusali na sauti. Inanitia na miye woga."

Woga wake haukuwa na mpangilio. Aliogopa mbwa, hata wale wanaolala. Aliogopa radi, na katika mji wetu mtu anayeogopa radi ana kazi ya kutwa nzima msimu wa mvua. Aliogopa ziwa. Nyumba ya rais wa klabu yetu, ambaye sote tunamwita Prezida, ina ukumbi unaotazama maji, mahali ambapo wageni wote husimama na kusifu. Metre aligeuza kiti, akalipa ziwa mgongo, akala sambaza wake, wale samaki wadogo wa ziwa letu, akitazama ukuta. Usiku alilala na viatu. Mke wa Prezida alituambia hivyo kwa sauti ya mtu anayeficha kicheko, kwa sababu shuka zilikuwa zake.

Lakini kituko kikubwa kilikuwa cha milango. Kila alikoingia, nyumbani kwa mtu au kanisani, aliuliza swali moja kabla ya kukaa: "Mulango ya nyuma iko wapi?" Ukumbi wa parokia tunakofanyia mazoezi, kule Kadutu, una mlango wa nyuma unaojifunga wenyewe kwa upepo. Metre aliufungua kila Jumamosi asubuhi kwa mkono wake, akaweka tofali lisiuache ujifunge, akarudi mara mbili au tatu kulijaribu kwa mguu. Halafu aliwapanga wanafunzi. Wenye mikanda ya juu mbele, karibu na lango kuu. Wale wa mkanda mweupe, wageni wa mchezo, mwishoni kabisa, karibu na tofali. Kwa miaka mingi nilidhani ni kichaa chake kidogo, na nilikivumilia kama tunavyovumilia vichaa vya watu tunaowahitaji.

Kwa nini nilimhitaji mimi, mama wa watoto watatu, karani katika maktaba ya chuo kikuu, ni jambo la asubuhi moja. Nilikuwa nashuka ngazi za udongo kutoka Kadutu kwenda kazini, njia iliyojaa watu, jua limekwisha kupanda. Mkono ulinijia kutoka nyuma, kiwiko kikanikaba koo, na mtu mwingine akachukua mkoba na simu bila haraka yoyote, kama anayechagua nyanya. Nilipopata tena pumzi nilikuwa nimekaa matopeni. Watu walikuwa wananipita. Mama mmoja aliniambia pole, akaendelea kushuka.

Simu nilinunua nyingine. Koo halikurudi. Tangu siku hiyo sivai skafu, sifungi kifungo cha juu, na msusi wangu anajua kwamba lazima akae mahali ninapomwona kwenye kioo. Mume wangu alijifunza kukohoa kabla ya kunigusa bega. Ndipo mwenzangu wa maktabani aliponipeleka kwenye klabu ya judo, nikajikuta nimevaa kimono kilichonizidi, nimesimama na vijana kwenye turubai lililotandazwa juu ya magunia ya vumbi la mbao. Nilijifunza kuanguka. Nilijifunza kuwaangusha wanaume wanaonizidi uzito, na sitasema uongo, nilifurahi mno. Lakini zoezi la kukabwa koo, ambalo mtu anakaa na mwenzake anamjia kwa nyuma, sikuwahi kulifanya. Zoezi hilo likikaribia, mkanda wangu ulifunguka, au kichwa kiliniuma, au nilikumbuka sufuria niliyoiacha motoni. Bila zoezi hilo hakuna mkanda mweusi. Wangu wa kahawia umepauka hadi umefanana na chai ya maziwa.

Mwaka wake wa kwanza Metre hakujua. Alikuwa anapita katikati yetu akirekebisha mikao, akanijia kwa nyuma, akaweka mkono shingoni mwangu aonyeshe jinsi kiwiko kinavyokaa. Nilipiga ukelele hadi kwaya iliyokuwa inajizoeza upande wa pili iliacha kuimba. Nilitaka turubai linimeze. Metre aliruka nyuma, na nikaona kwamba yeye ameshtuka kuliko mimi, ameshika kifua. Aliendelea na somo.

Tangu hapo, mtu yule asiyembembeleza yeyote, aliyewaita wanafunzi wake viazi na kuwarushia ndala, hakunijia tena kimya kimya. Kila alipohitaji kupita nyuma yangu alinijulisha kwamba anakuja, kwa sauti ya kawaida, hata katikati ya maelezo ya kitu kingine: "Niko nyuma yako, Maman. Niko nakuya." Akishapita, "Nimepita." Vijana waliizoea, wakadhani ni desturi ya judo. Na kila Jumapili, mkoba wake ukishafungwa kwenye pikipiki, aliniinamia na kuuliza swali moja tu juu ya zoezi lile.

"Mwaka hii?"

"Mwaka ya kuya, Metre," nilijibu.

"Bien," alisema, akapanda, akafunga macho.

Asije mtu akadhani namchora mtakatifu. Alikuwa na majivuno. Kimono chake alikipiga pasi ya makaa mwenyewe, hakumwamini mke wa mtu, na mikunjo ya mikono ilikuwa imenyooka kama ya sare ya mwanafunzi wa masista. Alikuwa mlafi wa sambaza. Akipelekewa sahani ya wote aliivuta polepole upande wake akizungumza mambo mazito. Aliwasengenya walimu wenzake wa Uvira na Goma bila aibu. Na medali yake, ile moja aliyotuletea kila mwaka tuiguse, mwaka huu aliishinda Kinshasa, mwaka unaofuata aliishinda Lubumbashi, na mara moja, baada ya bia ya pili, aliishinda ng'ambo ya bahari mbele ya waziri. Hatukumsahihisha. Sifa alizotoa zilikuwa chache mno. Ukifanya vibaya alikuita kiazi. Ukifanya vizuri sana, jambo utakalolikumbuka hadi uzeeni, alisema, "Inaweza."

Wageni waliojiandikisha wakidhani watajifunza mateke ya sinema walikata tamaa mapema. Jumamosi asubuhi yote tulikuwa tunaanguka. Kisha tulikuwa tunapiga.

Kupiga ndiyo sheria aliyoishi nayo. Katika judo mtu aliyekabwa, ama mkono wake umepindwa, akiona imetosha anampiga mwenzake kwa kiganja mara mbili, pa, pa, mwilini au kwenye turubai, na mwenzake anaachia. Kila klabu duniani ina sheria hiyo. Ya Metre ilikuwa kali zaidi: alitaka uachie kabla ya pigo la pili. Ukisikia la kwanza, mkono wako uwe umekwisha kuondoka. Alitufanyisha hivyo hadi viganja viliwaka. Aliwachukua wenye misuli, waliojiona, akawakamata kidogo tu na kuwaamuru wapige bila sababu, wazoee.

"Kupiga si kitu ya haya," alikuwa anasema akizunguka. "Ule anapiga anasema, niko hai bado. Ukimusikia, achia. Juu ya nini unangojea? Unangojea akuandikie barua?"

Wanaume wengi wanaona afadhali kuzimia. Msaidizi mmoja wa chuo, kijana wa miwani, mwenye Kifaransa kingi, alikataa kupiga mbele ya wasichana, akalegea taratibu kama nguo inayoteleza kwenye kamba. Alipofumbua macho Metre alikuwa amemchuchumalia, jasho linamtiririka, akimpangusa uso kwa mkanda wake mweusi na kumtukana kwa Kilega.

Kuna jambo moja lililonionyesha yeye ni mtu gani, nalo lilitokea miaka kadhaa nyuma, mji ukiwa bado na wakubwa wengine. Kapteni mmoja wa jeshi alikuja kwenye mafunzo. Mwili mkubwa, mkanda wa kahawia, na mlinzi wake mwenye bunduki alisimama langoni akitafuna muwa. Kapteni alipewa mwanafunzi wa kufanya naye zoezi la kukaba. Mwanafunzi akapiga. Kapteni hakuachia. Akapiga tena. Kapteni alitabasamu, akakaza kidogo, kama mtu anayemalizia soda yake, ndipo akafungua mkono.

Metre alisimamisha ukumbi mzima. Akaenda mbele yake. Alikuwa anamfikia begani.

"Kapteni," alisema, "toa mukanda. Kaa ku ukuta."

Mlinzi aliacha kutafuna. Kapteni alimtazama Metre, na Prezida, aliyekuwa karibu nami, alinong'ona sala ya wafu, sijui akimwombea nani. Kisha kapteni alifungua mkanda, akaukunja, akaenda kukaa ukutani, na alikaa pale hadi mwisho wa mafunzo. Hatukumwona tena.

Tulipopumzika nilienda kumtafuta Metre. Nilimkuta nyuma ya ukumbi, kwenye migomba ya padri, ameinama, anatapika. Nilimpa maji. Alinionyesha mikono. Ilikuwa inatetemeka hadi kwenye viwiko.

"Nimemuogopa ule mutu, Maman," alisema. "Nimemuogopa sana."

"Sasa juu ya nini ulimuambia vile?"

Alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu hula.

"Mutoto alikuwa amepiga," alisema.

Nilifikiri juu ya jibu hilo wiki nzima, nikipanga vitabu. Mimi nilikuwa nimeamini kwamba siku moja woga utaniisha, kama homa, na ndipo nitakapokaa chini na kumpa mtu shingo yangu. Wa huyu haukuwa umeisha hata chembe. Aliubeba kila mahali, alilala nao na viatu miguuni, na bado alikuwa amesema yale maneno. Nilimwonea wivu, na kwa kweli nilimkasirikia kidogo.

Mara ya mwisho alikuja katika kipindi hiki tulicho nacho, baada ya wenye silaha wengine kuingia mjini. Sitaeleza habari zao. Anayeishi hapa anazijua, na asiyeishi hapa amezisikia. Nitasema tu kwamba watu walikuwa wamejifunza kutembea wakitazama viatu vyao, na kwamba kati ya Kamituga na sisi barabara ilikuwa inapita kwenye bunduki za upande mmoja, kisha kwenye bunduki za upande mwingine. Prezida alimpigia simu kumwambia asije, mafunzo yameahirishwa. Mtandao ulikatika. Ijumaa alasiri pikipiki ilisimama mlangoni.

"Nimefika? Njo hapa?"

Prezida alimkaripia hadi akachoka. Mtu anayeogopa mbwa, anavukaje njia kama ile? Metre alikuwa anakunywa chai, mgongo kwa ziwa.

"Kule pia niko naogopa," alisema. "Afazali niogope na batu nabajua."

Kwa hiyo tulifanya mafunzo. Labda tulikosea, nimejiuliza sana. Tulikubaliana hakuna kupaza sauti, na kimono kila mtu akifiche njiani. Changu nilikiweka kwenye mfuko wa soko, nikakifunika kwa mafungu ya mboga za lengalenga. Tulikuwa wachache. Metre aliweka tofali lake kwenye mlango wa nyuma, akalijaribu kwa mguu, akatupanga, na tukaanza kuanguka.

Wenye silaha waliingia kwa lango kuu katikati ya asubuhi, bila kubisha. Mbele alikuwa kamanda wao, mtu mwembamba, buti safi, ambaye hakupaza sauti wakati wowote, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Hapo Prezida akafanya kosa ambalo ni mtu wa judo peke yake angeweza kulifanya. Mkubwa akiingia ukumbini, desturi ni kujipanga na kumwinamia. Prezida ameifanya tangu ujana wake. Mwili wake haukumwuliza. Alipaza ile amri ya Kijapani ya kusimama wima, na sisi sote, wapumbavu watiifu, tukakimbia tukasimama kwenye mstari, mikanda kwa utaratibu wake, visigino pamoja, viganja mapajani, macho mbele. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Bunduki zote zikainuka.

"Ahaa," alisema kamanda taratibu, akitutazama kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. "Na hili ni jeshi la nani?"

Mkojo ulinibana. Prezida alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja, kana kwamba amri ile ingeweza kurudishwa ndani.

"Kiongozi nani?"

Metre alitoka mstarini.

"Unatoka wapi?"

Mtu huyu alikuwa ametudanganya juu ya medali kila mwaka. Nilimwomba kimoyomoyo: danganya, sema Bagira, sema Katana, sema popote.

"Kamituga, chef," alisema.

Askari waliguna. Kamanda alisogea. "Kamituga. Kwa wale wengine. Umetumwa uje kuwafundisha hawa kupigana na sisi."

"Hapana, chef. Nimekuya kubafundisha kuanguka."

"Kuanguka?"

"Njo judo. Batu banaanguka. Niruhusu nionyeshe."

Angeweza kuchagua kijana yeyote. Aligeuka akaniita mimi. "Maman, kuya."

Nilienda. Nilimkamata kola, mikono yangu baridi, nikamwangusha kwa namna ya kwanza aliyonifundisha. Akaanguka kwa kishindo ambacho sijawahi kukisikia, akalia, "Yoo, maman ananiua!" Askari mmoja alicheka. Metre aliinuka akichechemea, akanipa kola tena. Nilimwangusha. Alibiringika, akashika kiuno, akamlalamikia askari aliyecheka kwamba wanawake wa Bukavu hawana huruma. Wakacheka wengi. Na kila alipoanguka alibiringikia kidogo upande wa lango, nao wakageuka kumfuata kwa macho. Alipoinuka mara ya tatu ama ya nne niliona, kwa pembe ya jicho, mkanda mweupe wa mwisho ukipotea kwenye mlango wa nyuma, kupita tofali. Vijana wadogo wote walikuwa wameondoka. Walibaki tu watu wazima.

Kamanda hakuwa amecheka. Alimpa mwenzake bunduki.

"Na mimi nifundishe," alisema.

Akaenda nyuma ya Metre, akamzungushia kiwiko kooni. Sikuhitaji kufundishwa mkao ule. Niliujua kutoka kwenye ngazi za Kadutu.

"Chef," Metre alisema, sauti tayari imebanwa, "nikipiga, unaachia."

"Nani alikutuma?"

Metre akapiga. Pa, pa, kwenye mkono uliomkaba. Kamanda hakuachia.

"Nimeuliza nani alikutuma."

Mtu aliyekabwa vile hawezi kujibu hata akitaka. Alipiga tena. Miguu yake ilianza kukwaruza turubai. Sisi tuliofundishwa naye tulijua muda ni mfupi kiasi gani, tulijua kuliko yule aliyekuwa anakaba, na hakuna aliyesogea. Macho ya Metre yalinipata. Yalikuwa yamejaa woga, woga mtupu, hakuna ushujaa wowote mle. Nilikuwa nimekaa tena matopeni na watu wananipita.

Sijui ni nani aliyeipeleka miguu yangu. Nilienda polepole, kwa mbele, mikono wazi, na maneno yaliyonitoka sikuyachagua.

"Niko mbele yako, chef. Niko nakuya."

Nikaweka kiganja juu ya mkono wake. Ulikuwa wa moto. Nikapiga, pa, pa, si kwa nguvu, kama tunavyopiga.

"Amepiga, papa," nilisema. "Mutu akipiga, banaachiaka."

Alitazama kiganja changu. Kisha alinitazama mimi, mama mwenye kimono kikubwa, jani la lengalenga limenaswa mkandani. Sijui aliona nini, na sitajifanya najua. Alifungua mkono.

Metre alianguka kwa ubavu, kiganja kikapiga turubai ipasavyo. Hata vile mwili wake haukusahau.

"Ndiyo sheria yenu?" kamanda aliuliza.

"Njo sheria yetu."

Alinyoosha mkono wa shati lake. "Tawanyikeni. Na huyu aondoke leo. Nikimkuta kesho, sheria itakuwa yangu." Wakatoka. Tulisikia buti zao hadi barabarani, kisha tukasikia mama anauza ndizi, kama kawaida.

Prezida alilia, akimwomba kila mtu, mmoja mmoja, msamaha kwa ile amri yake. Tulimtuma akatafute motari. Metre alikuwa amekwenda kukaa kwenye tofali la mlango wa nyuma. Kimono chake kilichopigwa pasi kilikuwa kimelowa mbele, na hayakuwa maji. Nilitoa kitenge changu mfukoni nikamfunika mapaja, nikakaa kando yake. Wenzetu waliobaki walikuwa wanakunja turubai na hawakutazama upande wetu. Niliwapenda kwa hilo.

"Ona mikono," alisema. Sauti ilikuwa imebaki kipande tu.

Nikamwonyesha yangu. Tulikaa hivyo, mikono minne inatetemeka kwenye mapaja, tukaitazama kama ya watu wengine.

Pikipiki ilisikika inapanda. Alisimama, akajifunga kitenge kiunoni vizuri, akatafuta mkoba wake. Kisha akageuka na kuniinamia kama kila mwaka. Midomo ilimchezacheza. Nadhani alikuwa anajaribu kufanya utani.

"Mwaka hii?" aliuliza.

Jibu langu la siku zote lilikuwa ulimini. Nikaitazama shingo yake, alama nyekundu inavimba, na nikafikiri juu ya barabara anayoirudia, bunduki za upande huu na bunduki za upande ule, na yeye katikati amefunga macho. Hapakuwa na mwaka wa kuja ambao ningeweza kumwahidi, wala yeye kuniahidi mimi.

"Mwaka hii, Metre," nilisema.

Turubai lilikuwa bado halijakunjwa lote. Nilipiga magoti kwenye ncha iliyobaki, nikampa mgongo, nikafungua kola. Motari alipiga honi nje. Nilisikia pumzi yake ya kukwaruza.

"Niko nyuma yako, Maman. Niko nakuya."

Mkono ulinizunguka. Ulikuwa unatetemeka, unanuka jasho na mkojo na sabuni na pasi. Kiwiko kikakaa mahali pake, na ngazi zikarudi, matope yakarudi, giza likaanza kunipanda kutoka pembeni mwa macho. Niliogopa kama siku ile. Niliinua kiganja, nikapiga.

La pili liliangukia hewani. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuondoka.